1111 Lincoln Road, Miami Beach: maegesho ya ghorofa yaliyojengwa kwa kimo

Jengo la maegesho la 1111 Lincoln Road limesimama kwenye kona ya Lincoln Road na Alton Road, Miami Beach, jimbo la Florida, pale barabara maarufu ya watembea kwa miguu inapoishia upande wa magharibi. Lilifunguliwa mwaka 2010. Wasanifu wake ni Herzog & de Meuron wa Basel, Uswisi, na mwenye mradi alikuwa Robert Wennett. Lina ghorofa saba na nafasi za magari takriban 300. Hukumu tunaitoa mapema, ili anayetaka tu kujua pa kuacha gari asilazimike kusoma yote: ni miongoni mwa maegesho bora kabisa ya ghorofa duniani kwa mtu anayeyatumia, ingawa ni mfano wa hatari kwa mwekezaji atakayeunakili bila kupiga hesabu. Siri yake ni kimo, yaani nafasi kati ya sakafu unayokanyaga na ile iliyo juu ya kichwa chako. Mazuri yake karibu yote yanatoka hapo, na gharama zake pia.

Maegesho ya kawaida hujengwa kwa ubahili wa sentimita. Kanuni za ujenzi zinazotumika Marekani zinataka uwazi wa futi 7 tu, sawa na mita 2.13, kutoka sakafuni hadi chochote kinachoning'inia: boriti, bomba, taa, kibao cha kuelekeza. Mwekezaji huishika namba hiyo, huongeza unene wa slabu, yaani bamba la zege la sakafu, na kina cha boriti, akapata kama mita 3 kutoka sakafu hadi sakafu, basi. Kila sentimita aliyoikata imempunguzia zege, nguzo na urefu wa rampu, ile njia ya mteremko ya kupandia magari. Matokeo yake kila dereva anayajua. Dari iko usoni, taa zinachoma macho, moshi haujui pa kwenda, na mtu akishuka garini anainamisha kichwa hata kama hakuna kitakachomgonga.

Pale Lincoln Road sakafu hazilingani. Ya chini kabisa kwa kimo ina futi 8, kama mita 2.4, na iliyo ndefu kuliko zote inafika futi 34, mita 10.4. Ukitazama kutoka ng'ambo ya Alton Road utaona slabu nyembamba zimepangwa kama rafu za kabati ambazo kila moja imetengewa chombo chake, huku sahani, kule birika. Nguzo zake ni za kabari, pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine, nyingine zimetanuka kama herufi V. Ukuta wa nje hakuna. Hakuna wavu wa mapambo, hakuna vioo vya kufunika uso, hakuna ubao wa kuficha magari. Zege linalobeba mzigo ndilo sura ya jengo, na hilo tunalisifu bila kusita, kwa sababu wasanifu wengi wakipewa maegesho hukimbilia kuyavisha nguo badala ya kuyatengeneza mwili.

Faida ya kwanza ni hewa. Kanuni hizo za Marekani zinayahesabu maegesho kuwa "ya wazi" iwapo kila ghorofa ina matundu yasiyopungua asilimia 20 ya eneo la kuta zake za nje, na matundu hayo yameenea angalau asilimia 40 ya mzingo wa jengo. Ukitimiza masharti hayo huhitaji feni za kuvuta moshi, wala mifereji ya bati ya kupitisha hewa, wala vihisio vya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu iliyo kwenye moshi wa magari. Jengo hili limeyapita masharti hayo kwa mbali. Wanaosimamia maegesho ya chini ya ardhi wanajua maana yake. Feni zinakula umeme, mikanda yake inakatika, vihisio vinahitaji kupimwa upya, na siku feni zikizimika jengo linafungwa. Katika mji wa joto kama Miami, ambako baridi si hoja, kufunga maegesho kwa kuta ni kununua tatizo kisha kununua na dawa yake.

Ya pili ni mwanga. Kimo kikiongezeka, jua la asubuhi na la jioni hupenya ndani zaidi chini ya slabu, na usiku taa moja iliyo juu inasambaa eneo kubwa bila kumulika moja kwa moja jicho la dereva. Katika ghorofa ya mita 2.13 taa iko karibu kiasi kwamba chini yake kunang'aa na katikati ya taa mbili kuna giza. Hapo ndipo watu hujikwaa kwenye vizuizi vya magurudumu. Dawa ya bei nafuu kwa maegesho mafupi ni kupaka dari na nguzo rangi nyeupe. Kwa Lincoln Road zege limeachwa na rangi yake ya kijivu na bado kunaonekana.

Sasa gharama. Hesabu ni fupi, na ni vizuri kuifanya kabla ya kuchora chochote. Rampu ya kupita tu, ambayo magari hayaegeshwi juu yake, huweza kuwa na mteremko wa asilimia 12. Kupanda mita 3 kwa mteremko huo unahitaji mita 25 za rampu. Kupanda mita 10.4 unahitaji karibu mita 87. Ukitaka rampu ambayo magari yanaegeshwa pembeni mwake, kanuni zinakuzuia usizidi futi 1 kwa kila futi 15, kama asilimia 6.7, na kinachofaa kwa mtu mwenye toroli la mtoto au mifuko ya sokoni ni asilimia 5. Kwa mteremko huo mita 3 zinakula mita 60, na mita 10.4 zinakula mita 208. Kila mita ya rampu ya kupita tu ni sakafu iliyojengwa ambayo haitakaa gari la kulipa. Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha ya jengo hili na kukuambia "nataka hivi hivi", muulize kwanza kiwanja chake kina urefu gani.

Kwa kawaida jengo lililopangwa vizuri hutumia mita za mraba 28 hadi 33 kwa kila gari, ukijumlisha nafasi, njia na rampu. Likizidi 40 kuna kitu kimepangwa vibaya, au kuna kitu kimetolewa sadaka kwa makusudi. Hapa ujazo mwingi umetolewa kwa makusudi, kwa ajili ya duka lenye kuta za vioo lililowekwa ghorofa ya tano katikati ya magari, kwa ajili ya sherehe, na kwa ajili ya kutazama mji. Upande wa pili wa mizani uko Chicago, kwenye minara miwili ya Marina City iliyosanifiwa na Bertrand Goldberg na kukamilika miaka ya 1960. Pale ghorofa 19 za chini za kila mnara ni rampu moja inayozunguka kama gamba la konokono, na magari yanaegeshwa juu ya rampu hiyo hiyo pembezoni mwa duara, huku wakazi wakianzia juu yake. Hakuna mita inayopotea. Ila ukiegesha kwenye duara linalopanda, kila gari linakaa mshazari, na ndiyo maana kazi hiyo hufanywa na wahudumu wanaochukua ufunguo mlangoni. Majengo yote mawili ni ya kifahari kwa jinsi yake. Moja limehesabu kila mita, jingine limeziachia, na kila moja linajua linachofanya.

Tukae kidogo kwenye rampu, maana ndipo maegesho mengi mapya yanapoharibikia. Tatizo halianzi katikati ya mteremko, linaanza pale unapokatika. Chukua gari ambalo umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni mita 2.8. Likifika kileleni mwa rampu ya asilimia 15 inayokutana ghafla na sakafu tambarare, uvungu wake wa katikati unalisogelea zege kwa sentimita 10 na nusu. Gari dogo likiwa tupu lina uwazi wa sentimita 14 au 15, linapita. Lipakie abiria wanne na mizigo, springi zishuke, na utasikia ule mkwaruzo. Nenda kwenye jengo lolote la namna hiyo, inama kwenye kilele cha rampu utazame zege lilivyo, na utakuta mistari myeusi iliyochongwa sambamba, imejaa rangi na chembe za chuma, hasa upande wa kulia na kushoto wa katikati ambako bomba la moshi na mihimili ya uvungu inapita. Chini ya rampu nako bampa la mbele limeacha alama zake. Tiba ni kuweka kipande cha mpito chenye urefu wa mita 3 hivi, kilicho na nusu ya mteremko, kila ncha, mara tofauti ya mteremko inapozidi asilimia 10. Mkandarasi akikikata kipande hicho ili rampu iingie kwenye kiwanja, wenye magari watakilipia kwa miaka yote ya uhai wa jengo.

Jambo la nafasi zenyewe. Kipimo cha zamani cha Uingereza ni mita 2.4 kwa 4.8, na njia ya mita 6 katikati. Marekani hutumia upana wa mita 2.6 hadi 2.75 na urefu wa mita 5.5, pamoja na njia ya mita 7.3 kwa magari ya kwenda na kurudi. Wanaojenga Afrika Mashariki mara nyingi hufuata kipimo cha Uingereza, na hapo tuna neno. Land Cruiser ya kizazi cha karibuni ina upana wa mita 1.98 bila kuhesabu vioo. Weka mbili sambamba kwenye nafasi za mita 2.4 na kati yake zitabaki sentimita 42. Kwa mwanya huo mtu mzima hawezi kufungua mlango na kushuka kwa heshima, seuze kumtoa mtoto kwenye kiti chake. Kwa soko lililojaa magari makubwa, mita 2.6 ndiyo iwe chini kabisa, na urefu usipungue mita 5.

Nguzo nazo zina mahali pake. Ikibidi ziwepo, hupangwa kila baada ya magari mawili au matatu, na zinasogezwa karibu na pua la gari au karibu na mkia, zisikae usawa wa mlango. Kosa tunaloliona sana ni nguzo zilizopangwa kufuata vyumba vya ofisi vilivyo juu, kisha maegesho yakalazimishwa kuingia katikati yake. Unapata nafasi ambazo kwenye mchoro zinahesabika lakini hakuna dereva anayeweza kuingia bila kurudi nyuma mara tatu. Njia bora, pale jengo linapokuwa la magari tu, ni boriti ndefu za mita 18 zilizokazwa kwa nyaya za chuma ndani ya zege, zinazovuka safu mbili za magari na njia ya katikati bila nguzo hata moja. Lincoln Road hawakwenda njia hiyo. Nguzo zao ni nene na zinaonekana. Lakini kwa kuwa zimekuwa za kabari, mara nyingi upande mwembamba unamwachia dereva kuona aliyeko nyuma yake, na mtembea kwa miguu hajitokezi ghafla kama anavyojitokeza nyuma ya ukuta.

Ukingo wa sakafu ndio unaowatisha wageni. Badala ya ukuta mfupi wa zege wa kufika kifuani kuna nyaya za chuma zilizovutwa, na ng'ambo yake hewa. Kwa macho ni nyepesi sana, kwa hesabu sivyo. Kizuizi cha magari katika kanuni za Marekani lazima kistahimili msukumo wa pauni 6,000, karibu uzito wa tani 2.7, unaopiga kati ya sentimita 46 na 69 kutoka sakafuni, usawa wa bampa. Kwa ajili ya watu, uzio unatakiwa ufike inchi 42, mita 1.07, na mianya yake isipitishe mpira wa kipenyo cha sentimita 10, ili kichwa cha mtoto kisipenye. Waya ukigongwa hauvunjiki katikati kama wengi wanavyodhani. Unavutika, na nguvu yote inahamia kwenye ncha zake, kwenye nguzo iliyoushikilia. Kwa hiyo anayekagua uzio wa namna hii asipoteze muda kutazama katikati ya waya. Aende kwenye kona, atazame nati za kukazia, sahani za chuma na kutu inayotiririka chini yake. Waya uliolegea kiasi cha kutikiswa kwa kidole kimoja umeshaacha kuwa kizuizi.

Kasoro mbili za uwazi huo tusizifiche. Mvua ya upepo, na Miami ina mvua ya upepo, huingia hadi safu ya kwanza ya magari na kuiacha sakafu ya ukingoni imelowa. Usiku, taa za gari linalopanda hazina ukuta wa kuzizuia, zinamulika majirani. Katika kiwanja kilichozungukwa na nyumba za watu tungeshauri ukuta mfupi wa kufika sentimita 70 hivi, unaokata mwanga wa taa na kuacha upepo upite juu yake.

Kinacholipandisha jengo hili juu ya mengine ni ngazi. Kila dereva, dakika moja baada ya kuzima injini, ni mtembea kwa miguu, na wasanifu wengi humsahau mtu huyo kabisa. Humpa ngazi ya dharura iliyofungiwa kwenye kona, mlango mzito wa chuma, harufu ya mkojo na balbu moja. Hapa ngazi iko katikati ya jengo, imeachwa wazi, pana, inapanda kama sanamu, na kila unapogeuka unaona sakafu nyingine, magari, watu, na mji nje. Mtu anayeshuka peke yake saa tano usiku anaonekana na anaona. Huo ndio ulinzi wa kweli wa maegesho, kuliko kamera, kwa sababu kamera humsaidia polisi kesho yake. Tungependa kila msanifu wa maegesho apewe ngazi hii kuwa sharti: iwe mahali ambapo mtu anaiona mara tu anapofungua mlango wa gari, na aone mwanga wa mtaani kutoka juu yake.

Wapo wengine waliolielewa hili. Lyon, Ufaransa, chini ya uwanja wa Célestins, kuna maegesho ya ghorofa saba yaliyochimbwa ardhini mwaka 1994, ambako wasanifu Michel Targe na Jean-Michel Wilmotte walifanya kazi pamoja na msanii Daniel Buren. Rampu inazunguka kisima cha duara chenye matao, na chini kabisa ya kisima kuna kioo kikubwa kilichoinamishwa kinachozunguka. Juu uwanjani wameweka chombo cha kuchungulia, mpita njia akitazama anaona kisima chote kikizunguka. Hilo ni pambo, lakini lina kazi pia. Katika maegesho ya chini ya ardhi watu hupotea kwa sababu kila sakafu inafanana na nyingine, na hapo popote ulipo unajua katikati ni wapi.

Tuje kwenye zege na chumvi, maana Miami Beach ni kisiwa chembamba chenye bahari upande mmoja na ghuba upande mwingine, na jengo lisilo na kuta linapokea upepo huo siku zote. Wanaojenga Mombasa, Dar es Salaam na Unguja wako kwenye hali hiyo hiyo, kwa hiyo wasome hapa polepole. Zege zuri huilinda nondo kwa ukali wake wa alikali. Chumvi ikipenya hadi kwenye nondo inauvunja ulinzi huo, kutu inaanza, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo inalipasua zege kutoka ndani. Kwanza unaona mstari mwembamba unaofuata nondo, kisha doa la rangi ya tofali, kisha kipande kinaanguka juu ya boneti ya mtu.

Kinga zake zinajulikana. Maji yasizidi 0.40 ya uzito wa saruji kwenye mchanganyiko. Nguvu ya zege isipungue megapaskali 35. Nondo zifunikwe na zege la milimita 50, na vigingi vya kuzishikilia vihesabiwe kabla ya kumwaga, maana fundi akizikanyaga nondo wakati wa kumwaga, milimita 50 za mchoro zinageuka 20 za kweli. Zege lilowanishwe siku 7 bila kuruka. Muhimu kuliko yote, sakafu isiwe tambarare. Mteremko wa asilimia 1.5 hadi 2 unaoelekea kwenye matundu ya maji ni lazima, na mhandisi akumbuke kwamba slabu ndefu huinama kidogo katikati kwa uzito wake, hivyo mteremko unaoonekana kwenye karatasi unaweza kufutika. Siku ya kupokea jengo, mwageni maji sakafuni, subirini nusu saa, kisha pigeni chaki kuzunguka kila dimbwi lililobaki. Msisaini kabla ya hapo.

Hili si jambo la urembo. Kilomita kama 9 kaskazini mwa Lincoln Road, katika mji wa Surfside, jengo la Champlain Towers South liliporomoka usiku wa tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98. Ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 ilikuwa imeshaonya kwamba sakafu ya eneo la bwawa, iliyokuwa dari ya maegesho ya chini, ilijengwa tambarare, maji yalikuwa yanasimama juu yake, na zege lililo chini lilikuwa limeharibika. Uingereza, mjini Wolverhampton, kipande cha tani 120 cha sakafu ya juu ya maegesho ya Pipers Row, yaliyojengwa mwaka 1965, kilianguka Machi 1997. Zege lililozunguka vichwa vya nguzo lilikuwa limeoza, na slabu ikatobolewa na nguzo zake yenyewe. Ilikuwa usiku, hakuna aliyeumia. Kwa hiyo, anayekagua maegesho yenye slabu bapa aanzie juu ya nguzo, kwenye nyufa zinazozunguka kichwa cha nguzo kama duara. Ndizo zinazotangulia.

Kuhusu moto, uwazi na kimo vinasaidia lakini havitoshi. Dari ikiwa fupi, ndimi za moto zinaigonga, zinatandazika na kulichoma gari la jirani kabla halijaguswa. Dari ikiwa juu, joto linapanda na kutoka. Hata hivyo, maegesho ya King's Dock mjini Liverpool, tarehe 31 Desemba 2017, yalikuwa ya wazi, hayakuwa na vinyunyizio vya maji, na magari zaidi ya 1,000 yaliteketea kutokana na moto wa gari moja. Mafuta yanayowaka yalitiririka kupitia mifereji ya maji hadi sakafu za chini. Oktoba 2023 hali ilijirudia kwenye maegesho ya uwanja wa ndege wa Luton, zaidi ya magari 1,300, na sehemu ya jengo ikaporomoka. Magari ya leo ni makubwa, yana plastiki nyingi, na yanakaa karibu karibu. Kanuni za Marekani za mwaka 2021 zimeanza kudai vinyunyizio hata kwenye maegesho ya wazi yanapozidi futi za mraba 48,000, kama mita za mraba 4,460. Ushauri wetu ni kuviweka tangu mwanzo hata kama sheria ya mahali haijadai, na mabomba ya kupitisha maji ya mvua kutoka sakafu hadi sakafu yawe ya chuma, yasiwe ya plastiki au alumini.

Mambo madogo kwa haraka. Kwenye geti, kama kila gari linachukua sekunde 10 kupata tiketi, njia moja inapitisha magari 6 kwa dakika, na foleni ikianza inaishia Alton Road. Nafasi za watu wenye ulemavu kwa maegesho ya magari 201 hadi 300 ni 7 kwa sheria ya Marekani, na moja kati ya kila sita iwe ya gari la kubebea kiti cha magurudumu, yenye uwazi wa mita 2.49 kwenda juu njia nzima kuanzia getini. Wanaojenga kwa mita 2.13 hulazimika kuzibana nafasi hizo ghorofa ya chini. Bei soma kwenye kibao kabla ya kuchukua tiketi, kwani eneo hili si la bei rahisi na siku za sherehe hubadilika.

Sherehe zenyewe ni sehemu ya huduma. Ghorofa ya saba imefanyiwa harusi, maonyesho na madarasa ya yoga, na gari likiondoka sakafu inakuwa ukumbi bila kubadilishwa chochote. Hapo ndipo kimo kinapolipa deni lake. Siku mji ukipunguza magari, sakafu tambarare yenye mita 4 kwenda juu inageuzwa ofisi, soko au darasa kwa kuongeza vioo na mabomba. Sakafu ya mita 2.13 iliyojengwa kwa mshazari haina pa kwenda zaidi ya kubomolewa. Anayejenga leo, hata kama hana fedha za kufuata Lincoln Road, ainue ghorofa ya chini na moja ya juu, azifanye tambarare, na rampu azitenge pembeni ambako zinaweza kuondolewa.

Ukifika, ingia asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa, panda hadi ghorofa za juu hata kama chini kuna nafasi, uache gari upande wa ndani siku za mvua. Usichukue lifti. Shuka kwa ile ngazi ya kati hadi kwenye sakafu ya mtaani yenye mistari myeusi na myeupe na bustani za maji alizopanda msanifu wa mandhari Raymond Jungles, kisha geuka utazame ukingo wa slabu ulikotoka.